Kati ya Sukari Mbili

Kiu ilinianza wakati wa kuvuna alizeti. Nilikuwa na kibanda cha chakula pale Ihanja, kando ya barabara kuu, nikiwapikia madereva wa malori na wakulima wanaoleta mazao yao mashineni. Mwanzoni nilisingizia moto wa jiko na vumbi. Nilichota maji kwenye ndoo ya wateja, nikanywa, nikaenda kugeuza chapati, nikarudi kwenye ndoo. Mteja mmoja akanitania, "Mama, leo umelamba chumvi ya ng'ombe?" Nikacheka naye. Baadaye nikawa sitoki chooni, na kitenge kilichokuwa kinanibana kiunoni kikaanza kunizunguka mara mbili.

Mtu akikonda ghafla kijijini, watu huwa na jina la ugonjwa wake tayari. Hawakunitamkia, ila niliona wengine wanahamia kibanda cha jirani. Mume wangu ni fundi baiskeli, karakana yake iko ng'ambo ya barabara, na si mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja aliweka spana chini akasema, "Twende tukapime wote wawili." Tukaenda kituo cha afya. Tulichokiogopa hakikuwepo. Mganga akanitoboa kidole, akaweka damu kwenye mashine ndogo, akaitazama, akachukua damu nyingine, akarudia. Mashine haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kiasi inachoweza kusoma.

"Una kisukari, mama," alisema. "Na kwa umri wako, hii ni aina ya pili. Ile ya kwanza ni ya watoto."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilishukuru, maana angalau sasa ugonjwa ulikuwa na jina na vidonge. Akanipa na masharti. Chai bila sukari. Wali, chapati, viazi na ndizi niachane navyo. Ugali usizidi ngumi yangu, na uwe wa uwele au mtama. Mboga nyingi. "Ukifuata haya," alisema, "itashuka."

Nilifuata. Asubuhi nilikaanga chapati za watu, mafuta yakinukia hadi mate yananijaa mdomoni, kisha nikakaa nyuma ya kibanda na mlenda wangu na kitonge cha ugali wa uwele. Nikimaliza kula, njaa ilikuwa pale pale. Kila niliporudi kliniki, mashine ilisoma juu na mizani ikasoma chini.

"Unakula nini kwa siri?" mganga aliniuliza.

"Sili kitu, daktari."

"Mashine haidanganyi, mama."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Tuliporudi alilichukua kopo la sukari akalipeleka kwa mama yangu.

Mama ni mjane, anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, na tangu niugue alikuwa anakuja kunisaidia kibandani. Sasa akawa mlinzi. Nikikoroga uji, amesimama nyuma yangu. Nikionja mchuzi kama chumvi imekolea, ananiita kwa sauti wateja wasikie. Hasira ikimpanda anaacha Kiswahili na kunigombeza kwa Kinyaturu, lugha aliyonilea nayo, na humo maneno yake yaliniumiza zaidi. Nilikuwa mke wa mtu na mama wa watoto watatu, lakini nilikuwa naangaliwa mdomo kama mtoto aliyekamatwa na kipande cha muwa wa jirani. Ilifika mahali nikajihoji mwenyewe: labda nainuka usingizini na kula? Nilifungiwa ndani ya ugonjwa ambao kila aliyenitazama aliona ni kosa langu, na nilipojitetea ndipo nilipoonekana mwongo zaidi.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Mandewa, alikuja kututembelea. Aliponiona alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Hakutaka hata chai. Kesho yake aliondoka na mimi kwenda mjini Singida, akanipeleka hospitali. Huko nilikutana na daktari mmoja wa kike, kijana, mwenye haraka. Alinisikiliza, akapima mkojo wangu, akaniuliza:

"Nani alikwambia hii ni aina ya pili?"

"Mganga wa kituo."

"Wewe unazidi kukonda, na mkojo unaonyesha mwili unachoma mafuta yake wenyewe kwa kukosa insulini. Mimi nadhani ni aina ya kwanza. Inaweza kumwanza hata mtu mzima. Vidonge havitakutosha. Utachoma sindano, na utakula."

"Nitakula nini?"

"Chakula, mama. Ugali, wali, kwa kipimo nitakachokuonyesha. Usichome halafu ukakaa na njaa. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, weka sukari mdomoni upesi, usingoje mtu."

Nilijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kwa miezi yote ile hakuna aliyeniambia nile. Nikamwuliza kama kipo kipimo cha kuamua ni aina gani hasa. Akasema kipo, ila damu lazima ipelekwe nje ya mkoa, na kwa wakati ule vitendanishi, yaani dawa za kupimia, havikuwepo hata huko. Tusubiri.

Nikarudi nyumbani na sindano. Hatuna jokofu, kwa hiyo chupa za insulini tulizihifadhi kwenye mtungi wa udongo uliowekewa mchanga wenye unyevu, kama nilivyoelekezwa. Mama alikuwa anaupita ule mtungi kwa kuuzunguka. Kwake, sindano ilikuwa hatua ya mwisho kabla ya kuzikwa. Na habari ya kula hakuiamini hata kidogo.

"Daktari mmoja anasema usile, mwingine anasema ule," alisema. "Tumfuate anayesema usile. Huyo hawezi kukuua."

Mume wangu akaona ni neno la busara. Basi nikawa nachoma sindano kwa maagizo mapya na kula kwa maagizo ya zamani.

Siku ya mnada kibanda kilijaa. Asubuhi nilikuwa nimechoma, nikanywa uji mwepesi nusu kikombe, nikaingia kazini. Kabla ya saa sita nilianza kutetemeka nikidhani ni uchovu. Kisha jasho likanitoka, la baridi, huku nimesimama mbele ya moto. Sauti za wateja zikaenda mbali. Nikakumbuka maneno ya daktari. Kwenye meza kulikuwa na bakuli la sukari la wateja. Nikanyoosha mkono.

Mama akanidaka kifundo. "Hapana!"

"Mama, niachie. Imeshuka."

"Imeshuka nini? Hata aibu huna, mbele za watu?"

Nilitaka kumweleza, lakini ulimi ulikuwa mzito, nikaongea kama mlevi, na hilo likamtia hasira zaidi. Tulivutana. Bakuli likaanguka, sukari ikamwagika mavumbini. Magoti yakaniishia nguvu nikaenda nayo chini. Nikachota sukari pamoja na udongo, nikajaza mdomo. Mama alikuja juu yangu akiniingiza kidole kuitoa, analia, na mimi namng'ata. Wateja walisimama na sahani zao mikononi, hawajui wamsaidie nani.

Mume wangu alikimbia kuvuka barabara. Kwetu mwanamume hamgusi mkwewe. Yeye alimshika mama mabega kwa mikono yake yenye grisi, akamwondoa juu yangu. "Nisamehe, mama," alisema. "Mwache ale."

Akakoroga sukari kwenye maji, akaninywesha. Baada ya muda niliweza kukaa. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa, ananitazama kama mtu aliyepotea njia.

Siku iliyofuata hakuja kibandani, nikamfuata nyumbani kwake. Alikuwa anapembua mtama. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso.

"Unamkumbuka mama yako mkubwa?" aliniuliza.

Nilimkumbuka. Alikuwa dada yake, mwanamke mnene, alikatwa mguu kisha akafa.

"Ilikuwa sukari. Tulikatazwa kumpa. Yeye alikuwa ananililia, anasema, mdogo wangu, chai tu, yenye sukari kidogo. Nilikuwa nampa. Kila siku nilikuwa nampa." Alitikisa ungo. "Jana nilipoona mkono wako kwenye bakuli, niliona wake."

Ningesema wewe hukumwua, nisingejua kama ni kweli. Nilikaa tukapembua wote.

Niliporudi kliniki mjini, mama alisisitiza kufuatana nami. Yule daktari wa kike alikuwa amehamishwa. Nilimkuta mwingine, mzee wa makamo, mpole. Alisikiliza habari ya siku ya mnada akatikisa kichwa.

"Aina ya kwanza kwa umri huu? Sidhani. Na hii sindano nusura ikuue. Rudi kwenye vidonge, na chakula punguza."

"Lakini daktari, vidonge havikunisaidia."

"Havikusaidia kwa sababu masharti hukuyafuata vizuri. Wengi mnasema mnafuata."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, uso umetulia. Nikajua nikibisha ninabisha na wote wawili. Nikasema, "Sawa, daktari." Nilitoka nikiwa na karatasi ya vidonge, na miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayerudishwa alikotoroka.

Haikuchukua hata wiki mbili. Kiu ilirudi, kisha kutapika. Nikawa napumua kama niliyepanda mlima na huku nimelala. Mume wangu alinusa pumzi yangu, akasema inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akatafuta gari. Njia ya kwenda mjini siikumbuki, isipokuwa mkono wa mama uliokuwa umeshika mguu wangu mwendo mzima.

Nilipopata fahamu nilikuwa na dripu, na yule daktari wa makamo alikuwa amevuta kiti karibu na kitanda. Hakuwa na haraka siku ile.

"Mama, nilifanya kosa kukuachisha," alisema. "Sitakudanganya. Bila kipimo siwezi kukwambia ni aina gani. Inawezekana ni ya kwanza iliyokuja polepole, ikajifanya ya pili. Ila insulini usiiache tena, hata mtu akikwambia nini. Hata akiwa daktari. Hata nikiwa mimi."

Mama alikuwa amesimama miguuni. "Na chakula?" aliuliza.

"Akichoma, lazima ale. Ukimnyima, sindano itamuua haraka kuliko sukari."

Mama alimwomba aseme tena. Akasema tena. Mama akakaa chini, pale pale sakafuni, akafunika uso.

Baadaye sana damu yangu ilipelekwa kupimwa, na majibu yakaja nusu. Yalisema kongosho langu bado linatoa insulini, ila kidogo mno. Kipimo cha pili, ambacho pengine kingemaliza ubishi, hakikufanyika; sampuli iliharibika njiani. Mpaka leo kila daktari mpya ananiuliza, "Wewe ni aina gani?" na kila mmoja anabadilisha kitu kidogo. Huyu anaongeza ugali, yule anapunguza. Nimenenepa kiasi, kitenge kinafunga. Lakini maisha yangu yana kamba, na kamba imefungwa kwenye saa ya kula. Siwezi kuchelewa shambani. Siwezi kulala ugenini bila kujieleza.

Msimu uliopita shangazi yangu alifariki, tukaenda msibani Sepuka. Niliambiwa chakula kiko tayari, nikaenda nyuma ya nyumba nikachoma. Niliporudi, wazee walikuwa wamefika kutoka mbali. Ikaamuliwa mazishi kwanza, kisha wazee waanze kula, kisha wanaume, na sisi wanawake mwisho. Nilikaa kwenye mkeka nikiyahesabu masufuria kwa macho. Nilikuwa na biskuti chache kwenye mkoba, nikazila nimeinamisha kichwa, zikaisha. Vidole vikaanza kutetemeka. Nikamnong'oneza binamu yangu aliyekuwa anasimamia jiko.

"Wewe nawe," alisema, "wazee hawajala, marehemu hajatoka ndani, unaomba sahani?"

Wanawake wakageuka. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa tayari kunyamaza, na nadhani ningenyamaza mpaka nianguke.

Mama alikuwa upande wa pili, kati ya wafiwa. Aliniona mikono. Alinyanyuka taratibu, magoti yanamsumbua siku hizi, akaenda mpaka jikoni, akafunua sufuria. Binamu yangu akamshika mkono. Mama akamjibu kwa Kinyaturu, kwa sauti ambayo hata wanaume nje waliisikia, kwamba huyu ni mgonjwa wake, na kama kuna mzee mwenye neno aje aliseme kwake. Akapakua ugali, akamwagia mchuzi, akaniletea. Akakaa mbele yangu, mgongo wake ukinikinga na macho ya watu.

"Kula," alisema. "Kula kwanza, tutaomba radhi baadaye."