Uso Ndani ya Kalibu

Kaka yangu ni mchongaji, watu humwita Fundi Sura. Mimi humwita kichwa kigumu, maana namjua tangu ananyonya.

Mkewe alipokuwa mjamzito, kaka alimpaka mafuta usoni, akamtia mirija puani apate kupumua, akamfunika uso kwa plasta, uji wa jasi unaoganda. Ilipoganda akaibandua, akapata kalibu ya uso wake. Mwezi haujaisha, wifi yangu akafa akijifungua. Baadaye nyumba ikaungua na picha zake zote. Ikabaki kalibu tu, imetundikwa karakana.

Jamani, kitu kile! Pua shimo, macho yamefumbwa, uso wote umezama ndani. Lakini ukipita kushoto unakugeukia, ukipita kulia unakugeukia. Mimi nilikuwa naingia mle nikitazama sakafu. Kaka yeye anapiga nao soga: "Mke wangu, leo jua kali." Nilitamani kumzaba kofi.

Binti yake, niliyemlea mimi, amekua akiuamkia. Siku za kuolewa zilipokaribia akasema, "Baba, mimi mama sijamwona. Nimeona shimo lake. Mtoe."

Kaka akanywea. Kalibu ile hutumika mara moja tu: unaipaka sabuni ndani isigandane na plasta mpya, unamimina, kisha unaivunja kwa patasi. Ukikosea, basi tena. Safu ya ndani aliitia rangi ya buluu tangu mwanzo, ili patasi ikifika hapo ajue uso uko karibu.

Alijifungia na brashi na sabuni asubuhi nzima. Tulimsikia akibembeleza mtu. Kisha akamimina, plasta ikaganda, akatuita.

Patasi ikagonga. Buluu ikabanduka kama ganda la yai. Kidevu. Mdomo, na kile kicheko alichokuwa akikibana siku anapakwa plasta. Binti akanishika mkono hadi kucha zikaniingia. Haki ya Mungu, ni yeye! Nililia bila haya.

Kwenye macho buluu ikang'ang'ania. Kaka akagonga taratibu, akasita. Angeendelea, macho yangetoka pamoja na ganda.

"Hukupaka sabuni?" nikafoka. "Fundi mzima wewe!"

"Nimepaka kote."

"Na hapa?"

Binti alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa yale magamba ya buluu machoni pa mama yake kwa kidole. Kaka hakumtazama.

"Kila nikipeleka brashi machoni, anakunja uso," akaniambia. "Sabuni ingemwasha, dada."