Kipindi cha Ijumaa cha Mwalimu Hidaya

Hidaya Singano alizaliwa Mtae, kule ambako mlima unakatika ghafla na mtu akichungulia chini anaiona tambarare yote ya Mkomazi. Baba yake alilima maharage kwenye matuta. Mama yake, Bi Asha, mpaka leo anazungumza Kishambaa na Kiswahili kidogo cha gulioni. Kiingereza kiliingia nyumbani kwao ndani ya kitabu cha shule chenye picha ya mtoto anayecheza kwenye theluji. Hidaya alimwuliza mwalimu theluji ni nini. Mwalimu akamwambia akariri, itakuja kwenye mtihani. Akakariri. Ndivyo tulivyosomeshwa sote, kisha tunashangaa kwa nini taifa zima linajua kujibu na halijui kuuliza.

Nilimkuta chuoni kwetu, chuo kidogo cha ualimu juu ya Soni, nilipoajiriwa kufundisha historia. Yeye alifundisha Kiingereza. Wakufunzi wengine wa Kiingereza walikivaa kama tai: kinabana shingo, hakina kazi, lakini picha inapendeza. Hidaya alikuwa mtu mwingine. Mwaka wake wa kwanza aliwataka wanachuo waandike asubuhi ya nyumbani kwao. Vijana waliokua wakishusha matenga ya nyanya barabarani walimletea habari za bibi anayeoka keki na babu anayesoma gazeti karibu na moto wa sebuleni. Aliwasomea kazi zao kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka wenyewe wakaanza kucheka.

"Sasa nisimulieni kama mnavyowasimulia mama zenu," akawaambia. "Kwa Kishambaa, kama ndicho cha nyumbani. Kiingereza kitafuata. Kina miguu."

Hicho ndicho kikawa kipindi cha Ijumaa: saa moja ya kutunga hadithi. Unasimulia kwa lugha ya mama, unaandika kwa Kiswahili, unaandika upya kwa Kiingereza. Vijana waliokuwa bubu wakaanza kubishana. Kwa chuo chenye akili, hiyo ingekuwa habari njema.

Chuo chetu kilikuwa na Bwana Nikodemo. Mkuu wa chuo Nikodemo ni mzaliwa wa Soni, ana uzamili wa uongozi wa elimu, na picha yake ya joho imetundikwa ofisini mahali ambapo wengine hutundika kalenda. Utafiti wake ulihusu uongozi shirikishi. Sisemi nani aliuandika. Nasema tu kwamba siku moja kwenye kikao aliulizwa uongozi shirikishi ni nini hasa, akajibu kuwa swali hilo ni la kiufundi, tuendelee na ajenda. Tukaendelea. Wakufunzi wa chuo ni watu wepesi sana wa kuendelea na ajenda.

Kila muhula alikitaka kipindi cha Ijumaa kwa ajili ya mitihani iliyopita, na kila muhula Hidaya alikwenda kukiombea uhai. Mwisho akachoka.

"Nimechoka kuomba kipindi changu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani," aliniambia. "Nitasomea huo uongozi. Niwe mkuu wa taaluma, ratiba niipange mimi."

Akasoma. Likizo zote alizimalizia chuo kikuu, akiteremka hadi Mombo kupanda basi na kurudi na vitabu na mafua. Utafiti wake aliufanya mwenyewe, jambo ambalo kwetu linahesabika kama ukaidi. Alipohitimu, kiti cha mkuu wa taaluma kilikuwa wazi, na wote tulijua hakuna mwingine mwenye sifa. Kulikuwa na Kristian, mkufunzi wa maarifa ya jamii, mtu ambaye kipaji chake kikubwa ni kubeba mkoba wa mkuu. Lakini hata Kristian alikuwa ameshaanza kumwita Hidaya "bosi".

Ndipo mvua ikaikata barabara ya chuo, wiki chache kabla ya Siku ya Kiingereza, ambayo wageni wa wilaya walikuwa wamealikwa. Nikodemo akaitisha msaragambo. Huku milimani kila mtoto anajua sheria yake: kazi ya pamoja huitwa na mtu mwenye jembe mkononi. Anayeita ndiye anayetangulia kuchimba, awe mwenyekiti, mchungaji au shehe. Akichimba hatua mbili tu, inatosha, watu watamaliza mlima. Asipochimba, hajaita watu. Amewatuma.

Majirani wakaja na majembe, Waislamu na Walutheri, wazee kwa vijana. Nikodemo hakuja. Alimtuma Kristian na kiti cha ofisini, na juu ya kiti koti lake la suti, ili watu wajue kwamba mkuu yupo pamoja nao kiroho. Hayo ni maneno ya Kristian, na aliyasema bila kucheka.

Mzee Rashidi, ambaye shamba lake linapakana na chuo, akasimama mbele ya koti, akangoja.

"Mbona halinipi shikamoo?" akauliza.

"Labda halijasoma," akajibu mwingine kutoka mtaroni.

"Limesoma mno, mgosi," mzee akamwambia bwana huyo. "Ndiyo maana."

"Basi lipeni jembe dogo, lina mikono laini."

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Kisha wakawachimbia wanachuo njia ya kupita mtu mmoja mmoja, kwa huruma, wakaondoka. Gari la mkuu, lisiloweza kupita hapo, liliendelea kulala sokoni. Uongozi shirikishi ukawa umeshirikisha.

Miongoni mwa wanachuo waliokuwa mtaroni alikuwa Eliza, binti mkimya kutoka upande wa Kwamkoro. Ijumaa ile aliandika hadithi ya mfalme aliyetuma koti lake vitani. Ilikuwa fupi, ilikuwa na ubaya mtamu, na Kiingereza chake kilitembea wima. Hidaya aliichagua isomwe Siku ya Kiingereza kama kazi bora ya mwaka. Kristian, kwa uaminifu wake, akaipeleka nakala kwa mkuu na kumfafanulia koti ni la nani.

Nikodemo akamwita Hidaya. Nilikuwa kwenye chumba cha nje nikisubiri kusainiwa ruhusa, na mlango wa ofisi ile haujawahi kufunga vizuri.

"Mama Hidaya," alisema, "wewe ni mkuu wa taaluma mtarajiwa. Au nimekosea?"

"Hujakosea, Mkuu."

"Basi chagua hadithi nyingine. Ipo ile ya kijana aliyekwenda Ulaya. Ina maadili."

"Ile ameinakili kitabuni. Hata jina la mbwa hakubadilisha."

"Mbwa hana shida. Shida ni koti."

"Hadithi inasema mfalme, Mkuu. Haisemi wewe."

"Watu watasema."

"Walishasema. Eliza ameandika tu."

Kisha sauti ya mkuu ikawa laini, ile sauti ya semina.

"Uongozi ni kupima, mama. Unatoa kidogo, unapata kikubwa. Hukufundishwa hilo?"

"Nilifundishwa," Hidaya akasema. "Lakini nikimwambia Eliza afiche alichokiona, Ijumaa inayofuata nitawafundisha nini? Theluji?"

Alitoka, akanipita. Alielewa hesabu yenyewe kuliko sisi wote. Alikuwa amesomea uongozi ili akilinde kipindi, na sasa uongozi ulikuwa unauzwa kwa bei ya kipindi chenyewe. Bi Asha alipiga simu kutoka Mtae kumsihi, mumewe alimsihi, wakufunzi wenzangu, wale wa kuendelea na ajenda, walimshauri awe na busara. Busara kwa Kiswahili cha ofisini maana yake ni kuinama kabla hujasukumwa.

Eliza aliisoma hadithi yake mbele ya wageni. Wageni walicheka na kupiga makofi. Afisa mmoja akamwinamia Nikodemo akampongeza kwa uhuru wa mawazo uliopo chuoni kwake, na Nikodemo, Mungu wangu, akasimama akapokea pongezi.

Jumatatu Kristian akawa mkuu wa taaluma. Jumanne kipindi cha Ijumaa kikafutwa na mitihani iliyopita ikaingia mahali pake. Hidaya akapangiwa kuisimamia. Kila Ijumaa aliingia, akagawa maswali, akakaa. Vijana walichagua herufi A, B au C kwa utulivu wa makaburini. Nilitaka tuandike malalamiko, tugome, tupige kelele hadi wilayani. Walimu wakaniambia mimi bado kijana. Hilo nalo wanalitamka kama ugonjwa.

Muhula mmoja ukapita hivyo. Kisha Nikodemo akaanza uzamivu.

Mada aliyopewa na wasimamizi wake, baada ya wao kusoma taarifa ya wilaya kuhusu Siku ya Kiingereza, ilikuwa ubunifu katika kufundisha Kiingereza vyuoni. Alimfuata Hidaya chumba cha walimu, mbele yetu, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mama Hidaya, kile kipindi chako ningependa kukitafiti."

"Ulikifuta, Mkuu."

"Ndiyo. Sasa data nitaipata wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Aibu ni maarifa pia, na yeye hakuyapata kwenye shahada yoyote.

"Hakuna darasa, hakuna data," Hidaya akasema. "Kikirudi, kirudi kama kilivyokuwa. Watasimulia kwa Kishambaa. Na hakuna mtu atakayesoma hadithi zao kabla sijazisoma mimi. Hata mtafiti. Hata Mwalimu Kristian."

Kristian akakitazama kikombe chake.

"Ni masharti magumu," mkuu akasema.

"Ni ya kiufundi," Hidaya akamjibu.

Ratiba ilibadilishwa wiki ile ile.

Nilimfuata nje nikiwa nawaka. Nilimwambia ni fedheha kwamba kitu chema kimerudi kwa sababu chafu hivi, kwamba yule mtu atapata udaktari kwa mgongo wake, kwamba angekataa ili wote wamwone alivyo.

"Wamemwona tangu zamani, mwanangu," akasema. "Wewe unataka ashindwe. Mimi nataka saa moja."

Kisha akaingia darasani, akafuta ubaoni ile mistari ya A, B na C. Alimwita kijana wa mstari wa nyuma asimame asimulie, kwa Kishambaa, asubuhi ya nyumbani kwao.