Mama Timazi arudi kwenye ukuta wa mumewe

Saa mbili asubuhi, patasi inagonga ukuta wa nyuma wa nyumba ya muuguzi mstaafu. Tofali moja linang'olewa, linalofuata linaachwa. Mwashi, mwanamke mwenye kilemba kilichojaa vumbi jekundu, anapuliza shimo taratibu kama anayepoza chai.

"Haya ndiyo meno," anasema. "Ukuta mpya usipoung'ata wa zamani, mvua ya kwanza tu unapata ufa. Unakuwa hujaongeza chumba, umejijengea jirani."

Wateja humwita Mama Timazi, kwa uzi wenye risasi anaopimia wima wa kila ukuta. Ukuta huu aliutambua alipoingia tu uani: alama za mwiko zimelalia upande wa kushoto. Aliyeujenga alikuwa mashoto, naye ni marehemu mumewe.

Alifika kwa fundi huyo akiwa binti, kibarua wa kubeba maji. "Alinishikisha mwiko kabla hajanishika mkono," anasema akicheka. "Tukijenga, yeye kona ile, mimi kona hii, tunakutana katikati tukizozana. Watu walidhani hatupatani. Kumbe ndiyo mapenzi yenyewe."

Ugonjwa wa kifua ulimchukua mzee, mkewe akabaki na kazi peke yake. Haikuwa rahisi.

"Mpaka leo wapo wanaoniuliza fundi yuko wapi. Nawaambia, si ndiye mnayeongea naye?"

Muuguzi alipojua ukuta ule ni wa nani, aliingiwa na huruma. "Mwenzangu, nikutafutie mtu wa kuuvunja?"

Mama Timazi alikaa juu ya rundo la mchanga. Machozi yalimlengalenga. Kisha akaokota nyundo.

"Mtu mwingine angeuponda," anasema sasa. "Mimi najua pa kumgusa."

Adhuhuri, safu za kwanza zimeshaingia mahali pake. Muuguzi, ambaye bintiye anarudi nyumbani na watoto, anapitisha kiganja kwenye maungio.

"Dada, mbona sioni ulipoanzia?"

"Basi meno yameshang'ata."

Yeye mwenyewe bado anaishi chumba cha kupanga. Ana kiwanja, na msingi aliouacha mumewe umeota majani. Mvua zikikatika anaanza kuinua kuta.

"Kila nyumba tuliyojenga, tulikabidhi funguo tukatoka," anasema, akipangusa mwiko. "Hii moja, nikimaliza, nataka niingie."