Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Mtu akiniuliza jasiri wa hapa Mwingi ni nani, namtajia Nzilani, nesi wa zahanati yetu. Anayebisha aje tubishane hapa hapa kwenye meza yangu ya chai.

Mwaka wa tisini na nne jirani yangu Mutie, dereva wa malori ya Garissa, alirudi kutoka hospitali Nairobi na saratani ya mapafu. Daktari alimwambia mkewe Mbula neno moja tu: imeenea. Sasa wewe, ukiambiwa ugonjwa umeenea, utaelewa nini? Kipindupindu huenea. Surua huenea. Mbula akaelewa kwamba watoto wataambukizwa. Akamtengea mumewe kikombe, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio. Watoto, kuanzia Mbinya, kifungua mimba wao, wakakatazwa kumkaribia. Watu wa kanisa nao walikuja kumwombea wamesimama mlangoni, ai! Mutie, mtu wa kucheka hata lori likikwama mchangani, akaacha kuongea. Niliumia, jamani. Upweke ulikuwa unamuua kabla ya saratani.

Nzilani alipopata habari alikuja na kiondo alichokuwa akisuka. Hakumgombeza Mbula. Alimweleza kwamba chembe za mwili zina protini za kushikana, kila moja imeng'ang'ania mwenzake, kama nyuzi za kiondo hicho. Chembe ya saratani ikipoteza protini hizo huchomoka pafuni, ikabebwa na damu, ikaenda kuota mfupani. Akachomoa uzi mmoja wa katani, akauchomeka upande wa pili wa kiondo kile kile.

“Mama Mbinya, imeenea ndani ya Baba Mbinya,” akasema. “Kuja kwako haiwezi.”

Mbula akabaki kule kule mlangoni. Hofu ina masikio mazito, haisikii maelezo. Basi Nzilani akachukua kile kikombe chenye uzi, Mutie alikuwa amebakisha uji, akaunywa wote na kuomba mwingine.

Mutie akalia. Mbula akaukata ule uzi kwa meno, akamwita Mbinya aje akae na baba yake.

Mutie alikufa mwezi wa nane, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, watoto wamejaa kitandani.

Juzi, tukinywa chai kwake, nilimwuliza Mbula kikombe cha Mutie ni kipi. Akaviangalia vyote pale mezani, akasema hakijui tena.