Cheche Zinaangukia Wapi?

Juzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mpanda, mbele yangu kauntani walisimama mume na mke kutoka Sibwesa. Walitaka kifaa cha kukatia bomba la chuma nyumbani. Mume alishaikumbatia grainda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma, anatabasamu kama bwana harusi.

"Hii inakata chuma kama mkate," muuzaji akamwambia.

Mke akamuuliza mumewe kwa upole, "Na cheche zake zinaangukia wapi, baba?"

Mume akatazama juu, kwenye dari ya duka. "Nyumba yetu ni ya nyasi," akasema polepole, akairudisha grainda.

Mke akafungua kanga, akatoa kipande cha bomba lenyewe, akazijaribu juu yake bledi za msumeno wa mkono. Yenye meno makubwa ikanasa. "Hii itateleza imkate baba," akasema. Yenye meno madogo ikapita laini. "Tupe hii, na glovu za baba."

Sisi wengine huuliza mashine ina nguvu kiasi gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifuata grainda ileile. Nyumba yangu ni ya bati, lakini muuzaji aliponisogezea hiyo grainda, nilijikuta nimetazama juu.