Sarafu Kwenye Droo ya Mtoto

Mashine ya kusaka vyuma vilivyofukiwa ardhini niliinunua mwaka 2016 kwa mzee mmoja mzungu wa mtaa wa Kensington, mteja wangu, aliyekuwa akiniletea suruali nimpunguzie urefu. Magoti yake yalikuwa yamechoka, hawezi tena kuchuchumaa. Aliniuzia kwa sharti kwamba nijifunze kwanza kuchimba bila kuharibu nyasi. Basi Jumamosi nzima alinisimamia mbele ya lango lake, kwenye ule ukanda wa nyasi ulio kati ya ukuta na barabara, akinifundisha kukata pande tatu tu, kuzifunua nyasi kama kifuniko cha mfuko wa koti, kisha kuzirudisha na kuzikanyaga. Mimi ni fundi cherehani, hilo halikunipa shida.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, nilitoka Yeoville, mtaa tunakokaa, kwa miguu hadi kwenye mitaa ile ya nyumba za zamani. Watu wameshuka magarini hapo miaka na miaka, wakichomoa funguo mifukoni, na sarafu zao zikadondoka zikamezwa na nyasi. Nilipata sarafu kubwa za kahawia za peni, senti zenye shomoro wawili, na vifuniko vya soda hata nikachoka navyo. Sikuwa natafuta utajiri. Nilipenda tu kuujua mji huu kwa upande ambao wenyewe wanaukanyaga kila siku bila kuuona.

Mke wangu hakuzipenda sarafu zile. Yeye ni wa Uvira, msusi, na kwao pesa ya njiani haiokotwi: mgonjwa huwa ameoga nayo akaitupa, ili atakayeiokota aondoke na ugonjwa. Nilimtania sana. Nilimwambia wazungu wa Kensington hawana habari hizo, wao wakiugua wanakwenda hospitali.

"Zikae inje," alisema, wala hakucheka. Zikakaa kibarazani, ndani ya kopo la rangi.

Alipobeba mimba, baada ya miaka sita ya kungoja, nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilishona mashati huku nikiimba. Jumapili moja nikapata sarafu ndogo ya fedha, yenye kichwa cha mfalme aliyekufa zamani, safi utadhani imedondoka jana. Nikataka mwanangu awe na kitu kilichotoka katika udongo wa mji atakamozaliwa. Nikaificha kwenye droo, chini ya vile vinguo tulivyokuwa tumeanza kununua, na mke wangu sikumwambia.

Mimba ilipofika miezi mitano, ikatoka.

Daktari alisema mambo haya hutokea, hakuna wa kulaumiwa. Nikaitikia kwa kichwa. Habari za pesa ya njiani nilikuwa nimezicheka mwaka mzima, lakini siku zile ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba mimi ndiye niliyemuua mwanangu. Nikaacha kula. Mke wangu alidhani ni msiba tu.

Jumapili ya pili baada ya hapo nilirudi na ile sarafu mahali nilipoichimba. Nikapiga magoti, nikafunua nyasi. Dada wa kazi wa nyumba ile alikuwa akifagia langoni, akaniuliza nimepoteza nini.

"Sijapoteza, dada. Narudisha."

Aliitazama sarafu, akalitazama shimo. "Eish, bhuti," akasema, akiniita kaka kwa lugha yake, akaendelea kufagia.

Nyumbani nikamkuta mke wangu ameketi kitandani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi: sarafu, droo, vinguo. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa tayari kuondoka.

Hakupandisha sauti. "Niliionaka, Papa," akasema. "Siku nilikuwa nakunja manguo. Nikajua ni wewe umeiweka."

"Mbona hukuitoa?"

"Ulikuwa na furaha sana. Nikasema acha, ni mambo ya bibi zetu tu." Akaitazama mikono yake. "Nikaifunika na nguo, nikafunga droo. Tangu tutoke hospitali nilikuwa naogopa utaniuliza kama niliiona."