Nje Kuna Mtu

Mama mdogo wangu, mtaa mzima unamwita Mama Elea, na jina hilo hakulichagua yeye. Ndilo neno analopayuka asubuhi hadi jioni kwenye uzio wa nyavu tunamojifunzia kuogelea, katikati ya nyumba zetu: "Elea! Lala chali, acha kupigana na maji, elea!" Enzi zile tukiishi nchi kavu alikuwa msafishaji wa bwawa la kuogelea. Bahari ilipotufuata mpaka sebuleni, tukahamishiwa kwenye nyumba zinazoelea, zilizojengwa juu ya mapipa na kuunganishwa kwa njia za mbao, na kumbe katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyejua kuogelea.

Basi akaanza kufundisha. Hakuna aliyemtuma. Watoto kwanza, kisha mama zao, kisha fundi wa mapipa, mwanamume wa miraba minne aliyelia alipoachiwa mkono. Mwaka jana, siku ya upepo, binti yangu aliteleza kwenye mbao akatumbukia. Tulipomfikia alikuwa amelala chali juu ya maji, ametulia, anaangalia mawingu. Ndiyo maana nikisikia mtu anamdharau mama mdogo, damu inanichemka.

Na mwaka huu walimdharau sana.

Kila nyumba ilipewa tangi la maji machafu chini ya sakafu ya jikoni, na boti la kunyonya hupita kuyafyonza. Lakini tangi lina harufu, na boti lina honi ya kuamsha wafu, basi watu wakaona taabu. Wengine waliligeuza kabati. Maji ya vyombo, mafuta yaliyoungua, nepi za watoto, vyote vikapitia mlango wa nyuma, na ukiuliza jibu ni lilelile: "Ah, namwaga tu nje." Nje! Neno hilo tulihama nalo. Kule nchi kavu, nje kulikuwa na uchochoro, mtaro na jaa. Hapa nje ni maji ambamo watoto wetu wanalala chali midomo wazi. Majani ya bahari yaliyokuwa yameanza kuota chini yetu yakafunikwa na utelezi, na samaki wadogo waliokuwa wakijificha humo wakahama. Wao walikuwa na pa kwenda.

Kisha watoto wakaanza kujikuna. Mikono ikajaa vipele, masikio yakatoa usaha. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, akatangaza kwamba bahari imechafuka, kwa hiyo vipele visipokoma mwezi huu, uzio utafungwa. Imechafuka! Kana kwamba iliamka asubuhi ikajichafua yenyewe. Msimu wa dhoruba ulikuwa unakaribia, na nusu ya darasa bado walikuwa wanazama kama mawe. Mama mdogo akauliza watoto watajifunzia wapi. Mwenyekiti akasema wanaweza kujifunza kupiga mikono juu ya benchi, na watu wazima na akili zao wakatikisa vichwa kukubali. Nilitaka kumrukia.

Mama mdogo hakubishana. Alivaa kofia yake ya mpira, akangoja saa ya kuosha vyombo, akaogelea hadi chini ya mlango wa nyuma wa fundi wa mapipa. Beseni lilipoinama, sauti ikatoka chini: "Nje kuna mtu."

Fundi alichelewa, povu likamshukia mwalimu wake kichwani. Aliomba radhi mpaka ikawa kero, akaenda kulifungua tangi lake. Kwa mwenyekiti, mama mdogo alielea hadi vidole vikakunjamana, na mke wa mwenyekiti ndiye aliyeshindwa kummwagia. Watu walicheka, wakasema amepata wazimu, lakini nyumba moja baada ya nyingine, matangi yakafunguliwa. Ikabaki nyumba yetu.

Nasema yetu kwa uchungu. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliziba tangi. Juu ya mfuniko aliweka sanduku lake la nguo, na kila nilipoliondoa alilirudisha. Nikimwambia mjukuu wake anajikuna, anasema ni mbu.

Siku ilipofika zamu yetu, mama alitokea mlango wa nyuma na beseni la maji ya kuoshea samaki. Mdogo wake alikuwa pale chini, uso juu.

"Toka hapo, nimwage."

"Sitoki, dada."

"Mimi ni mkubwa wako. Nakwambia toka."

"Ukubwa wako nauheshimu. Sitoki."

Mama akaliegemeza beseni kizingitini. Nikadhani atarudi ndani. Akamwaga. Magamba na damu vikamtapakaa mdogo wake usoni, na mimi nikamfokea mama kwa maneno ambayo sikuwahi kumtamkia mzazi. Mama mdogo hakujifuta. Alisema tu, "Kesho nitakuja na darasa," akageuka, akaogelea zake.

Akaja kweli. Darasa zima alilipakia kwenye chelezo cha mapipa, akakisukuma mwenyewe mpaka chini ya mlango wetu, akakifunga kamba. Watoto wakakaa wanangoja, wanajikuna. Binti yangu alikuwa mbele, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Mama akafungua mlango, beseni mkononi.

"Shikamoo, bibi," akasema binti yangu, kwa adabu tu, kama alivyofundishwa.

Mama aliutazama ule mkono wenye kitambaa. Kisha akarudi jikoni, akaweka beseni chini, akaanza kulisukuma sanduku. Lilikuwa zito. Nilimwacha ahangaike nalo kidogo kabla sijamsaidia.

Vipele vilikoma, na uzio haukufungwa. Mpaka leo mama hajamwomba mdogo wake radhi, na mimi bado nina kinyongo naye. Ila jana jirani aliyehamia juzi alimkuta mama amebeba beseni lililojaa, anahema nalo kuelekea kwenye tangi, akamwuliza kwa nini anajitesa, si amwage tu nje.

"Nje gani?" mama akamkatiza. "Nje kumejaa watu."